Kiapo cha Daktari Tusekile

Otmari Haule aliingia chumbani akitembea kwa ncha za vidole, visigino vikiwa juu na kifua mbele, kama jogoo anayekagua uwanja wake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na kati ya hiyo, kumi na tisa alikuwa ameitumia kuchomelea vyuma kwenye tanuri la Kampuni ya Chuma ya Ligogo, hapo hapo mjini Kiholo, kwenye nyanda za juu zinazotazama Ziwa Nyasa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, kaka Otmari. Simama hapo hapo. Sasa rudi nyuma hatua tatu, taratibu."

Hatua ya pili ilimshinda. Alianguka kinyumenyume mzima mzima bila hata kunyoosha mkono kujikinga. Daktari Tusekile Mwaipopo alikuwa amekwisha kusimama mgongoni kwake, akijua kitakachotokea, akamdaka kwapani, wakayumba wote wawili hadi kwenye kiti.

Kioo cha kompyuta ukutani kilikuwa kimekwisha kutoa jibu kabla mgonjwa hajaketi. *Parkinson. Uhakika: asilimia tisini na saba. Chanzo: asili. Hafai kazi ya mikono.* Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Nakubali na Napinga, na sekunde zilizokuwa zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka tisini.

Huyo ndiye Mpambanuzi, mashine ya kutambua magonjwa. Wafanyakazi wa tanuri walimwita mpiga ramli. Ulikuwa mwaka wa saba tangu sheria iagize kwamba kila mtu ambaye mkono wake ukitetemeka unaweza kumuua mwenzake, awe dereva, mpasuaji, mwendesha winchi au mchomeleaji, apigwe picha ya ubongo mara moja kwa mwaka, na picha hiyo asomewe na Mpambanuzi. Daktari alibakizwa kwa ajili ya kubonyeza. Tusekile alikuwa mtu wa zamani katika kazi hiyo. Alifundishwa kumjua mgonjwa kwa kumtazama anavyofunga vifungo vya shati, anavyogeuka mlangoni, anavyomeza mate. Miaka ishirini na minne aliyoitumia kujifunza kutazama ilikuwa sasa imekunjwa ikaingizwa kwenye sekunde tisini.

"Nimekuwa nini, daktari?" Otmari aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka.

"Subiri kidogo."

Aliikuza picha. Katikati ya ubongo wa mtu kuna viini viwili vinavyoongoza mwendo, kimoja kila upande. Kwenye picha ya Otmari viini vile vilikuwa vyeupe kama taa mbili zilizowashwa. Weupe ule ulikuwa manganizi, madini yanayochanganywa kwenye chuma ili kikaze. Mvuke wake huingia puani mwa mchomeleaji, hupanda ubongoni na kukaa. Tusekile aliujua. Mpambanuzi hakuujua, kwa sababu alifundishwa kwa picha laki tatu za watu wa nchi za mbali, wazee waliostaafu maofisini, ambao hata mmoja wao hakuwahi kuinama juu ya tanuri. Ugonjwa ambao hakufundishwa jina lake aliutupia kwenye jina la karibu.

Na jina ndilo lililoamua kila kitu. Mwenye ugonjwa wa asili aliambiwa pole, akarudishwa nyumbani na vidonge ambavyo kwa ubongo uliojaa manganizi vilikuwa sawa na pipi. Mwenye sumu ya kazini alisafishwa damu, na tanuri lilifungwa kwa amri mpaka mafeni ya kunyonya mvuke yawekwe. Kule Ligogo mafeni hayakuwapo. Hakuna aliyewahi kulazimika kuyaweka.

Zilibaki sekunde kumi na moja. Tusekile akabonyeza Napinga. Lilikuwa pingamizi lake la thelathini na moja mwaka ule.

* * *

Barua ilimfikia Jumatatu iliyofuata. Daktari anayepinga zaidi ya mara thelathini ndani ya mwaka mmoja, sheria ilisema, naye apimwe, ili ijulikane kama kasoro iko kwa Mpambanuzi au iko kwake. Wakili wa Ligogo ndiye aliyeomba kifungu hicho kitumike.

Aliyempiga picha alikuwa Alto Mlowe, fundi wa mashine, ambaye walikuwa wamekula chakula cha mchana meza moja kwa miaka kumi na mitano. Alimfunika blanketi miguuni, kwa kuwa Kiholo ina baridi na chumba kile kilikuwa na baridi zaidi.

"Dakika ishirini tu, dada. Usijikune."

Alipotoka ndani ya bomba la mashine ya picha, Alto alikuwa amesimama mbele ya kioo akiwa amekipa mgongo, kama mtu anayezuia watoto wasione kitu barabarani.

"Pisha, Alto."

"Tukanywe chai kwanza."

"Pisha."

Kwenye shina la ubongo wenye afya huwa kuna alama ndogo inayofanana na mkia wa mbayuwayu, panda mbili nyembamba. Wanafunzi wake wote aliwafundisha kuanza kuitafuta hiyo. Kwenye picha yake mwenyewe panda zilikuwa zimefutika, pakabaki wingu la kijivu. Aliitafuta upande wa kulia, akaitafuta upande wa kushoto, akarudi kulia. Mpambanuzi aliandika: *Parkinson, hatua ya awali. Uhakika: asilimia tisini na nne.*

Hakushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza. Mwaka mzima alikuwa akiunguza vitunguu jikoni bila kunusa chochote mpaka moshi ujae. Mara tatu alikuwa ameamka akiwa chini ya kitanda, akipigana na mtu wa ndotoni. Mgonjwa angemweleza hayo, angempeleka kwenye picha siku ile ile. Yeye alijiambia ni uchovu.

"Amepatia," alisema.

"Basi una bahati ya kujua mapema," Alto alisema haraka. "Dawa ya kuchelewesha ugonjwa utaanza kuchomwa wiki hii hii. Watu wanakaa miaka ishirini nayo, hawatetemeki hata kidole. Namba yako ya kuchukulia dawa hii hapa, Mpambanuzi ameshaitoa."

"Na wachomeleaji wangu?"

Alto alifungua droo, akatoa kitabu cha sheria, akamwonyesha kwa kidole. Maoni ya daktari mwenye ugonjwa wa ubongo hayahesabiki, na yanafutwa yote kuanzia mwaka picha ilipopigwa.

"Nitawaambia ukweli mtupu," Tusekile alisema. "Kwangu amepatia, kwao amekosea. Kinashindikana nini?"

"Dada, hiyo ni akili ya hospitali. Kule kwenye Baraza la Rufaa hawana jibu la nusu. Ukisema amepatia kwako, umewazika wale watu thelathini na mmoja, na wengine mia mbili walioko tanurini leo wanavuta ule mvuke."

"Na nikikana?"

"Ukikana kwa kiapo, namba ya dawa inafutwa. Huwezi kuapa huna ugonjwa halafu ukachukua dawa yake." Alifunga kitabu. "Mimi sikushauri kitu. Nakuonyesha tu kilichoandikwa."

* * *

Baraza la Rufaa za Upimaji lilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, madirisha yamefungwa kwa sababu ya ukungu. Mwenyekiti alikuwa Bi. Mwanamtama Shomari, mama mnene mwenye miwani ya kamba, asiyependa watu wapige makofi. Wakili wa Ligogo aliitwa Burhani Kiwelu. Alikuwa mpole kupita kiasi.

"Dokta, kwanza pole na safari ya kupimwa. Si jambo rahisi," alianza. "Nina swali moja tu. Mpambanuzi amesema wewe ni mgonjwa. Amekosea?"

Tusekile alikuwa ameingia ukumbini akiwa hajaamua. Alikuwa na sentensi mbili mdomoni, zote amezifanyia mazoezi akioga. Akatazama benchi la nyuma. Wachomeleaji walikuwa wamekuja kumi na wanne. Otmari alisimama ili aone vizuri, na mkewe, Mama Egno, alikuwa nyuma yake ameshikilia mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, asije akaanguka mbele ya watu. Alishikilia bila kumtazama, jinsi mama anavyomshika mtoto huku akiongea na jirani.

"Amekosea," Tusekile alisema.

"Unaapa hivyo?"

"Naapa."

Bi. Mwanamtama alivua miwani. "Daktari, gonganisha kidole cha shahada na gumba, upesi upesi, mara thelathini. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto."

Jaribio lile alikuwa akiwapa wagonjwa wake kila siku, na kila siku aliona wanavyojaribu kulidanganya. Anayeanza kwa kasi huchoka mapema, kidole kikawa kizito, mwanya ukapungua. Kwa hiyo alianza polepole. Mkono wa kushoto aliuegemeza kiunoni, akahesabu kichwani kwa mdundo wa kutwanga. Ilipofika ishirini na mbili kidole kilianza kugoma. Akakohoa, akaomba radhi, akamalizia. Hakuna aliyeona. Alto peke yake, aliyekuwa karibu na mlango, alitazama sakafu.

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Kwa kuwa Mpambanuzi amethibitika kumkosea daktari mzima, majibu yake kwa wachomeleaji wa Ligogo hayawezi kutegemewa. Wapimwe damu. Tanuri lifungwe mpaka mafeni yawekwe. Mama Egno alipiga kigelegele kimoja kikali, na Bi. Mwanamtama akamkemea, kisha akaendelea kusoma aya ya mwisho, iliyokuwa ya taratibu tu na ambayo hakuna aliyeisikiliza: kwamba picha ya daktari, kwa kuwa imeamuliwa kwa kiapo, iingizwe kwenye masomo ya Mpambanuzi kama picha ya mfano ya ubongo wenye afya, kwa uzito wa Baraza.

Nje, wachomeleaji walimbeba juu juu. Alicheka kwa sababu walikuwa wakicheka. Kwenye simu yake ujumbe wa bohari ya dawa ulikuwa umekwisha kuingia: namba imefutwa.

* * *

Mafeni yaliwekwa. Miezi mitatu baadaye tanuri liliwashwa tena, na ule mvuke wa rangi ya kahawia ukawa unapanda moja kwa moja kwenye dohani badala ya kuingia vifuani mwa watu. Waliosafishwa damu mapema walipata nafuu. Otmari alianza kukanyaga kwa unyayo mzima, ingawa akirudi nyuma bado ilibidi ashikwe. Wanne walikuwa wamechelewa mno, wakabaki walivyo. Hata hivyo hakuna mgonjwa mpya aliyetoka Ligogo, na Tusekile alipokuwa akivaa sweta asubuhi, mkono wa kushoto ukipapasa tundu la mkono kwa muda mrefu, alijikumbusha hilo.

Mwezi wa saba tangu kiapo aliingia Skolastika Luoga, mfumaji wa sweta kutoka sokoni, mama wa miaka arobaini na saba. Aliletwa na sheria, kwa kuwa alikuwa ameomba leseni ya kuendesha gari la mizigo yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umetulia mno, macho hayapepesi. Mkono wa kulia ulilala mapajani, gumba likisugua kidole polepole kama mtu anayevingirisha tonge.

"Nadondosha mishono, daktari. Nimefuma tangu nikiwa msichana, nafuma hata nikisinzia. Sasa nadondosha."

"Unanusa chakula?"

Skolastika alimtazama. "Umejuaje?"

Kioo kilijibu: *Mzima. Uhakika: asilimia tisini na tisa.* Tusekile aliikuza picha. Panda za mbayuwayu hazikuwapo. Akabonyeza Napinga, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, kitufe kilikataa. *Pingamizi halikubaliki. Linapingana na picha ya mfano iliyoamuliwa na Baraza.* Chini yake, kwa ajili ya kulinganisha, mashine ikaweka picha ya mfano. Alikuwa akiutazama ubongo wake mwenyewe.

Alimwomba Skolastika aende nyumbani, arudi atakapoitwa kusikia majibu. Alto alipokuja, hakuhitaji kuelezwa. Aliketi, akachimba kwenye kumbukumbu za nchi nzima kwa muda wa saa moja, kisha akaandika idadi kwenye karatasi, akaisukuma kwake. Watu mia mbili na kumi na wanne. Wote walikuwa na picha kama yake, wote walipimwa baada ya kiapo chake, wote waliambiwa ni wazima. Hakuna hata mmoja aliyepewa namba ya dawa.

"Nimemtoa macho Mpambanuzi," Tusekile alisema.

"Tumemtoa. Mimi ndiye niliyekuonyesha kifungu."

"Wewe ulionyesha. Aliyeapa ni mimi."

* * *

Alikwenda kwa Otmari kabla ya kuandika barua. Alimkuta uani akitengeneza bawaba ya geti, Mama Egno akimshikilia bati. Walimkaribisha kwa furaha, wakamtolea kiti kizuri na viazi vya moto. Akawaeleza yote, tangu kuunguza vitunguu hadi wale mia mbili na kumi na wanne. Viazi vilipoa.

"Nikifuta kiapo changu," alimaliza, "Baraza linaweza kufuta uamuzi wote. Tiba yenu, amri ya mafeni, kila kitu. Nimeona mjue kutoka kwangu."

Otmari alizungusha skrubu vidoleni. Aliposema, alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Daktari, ulipotudanganyia hukutuuliza. Leo unataka kusema kweli kwa ajili ya watu wengine, na bado hujatuuliza. Umekuja kutuarifu."

"Ni kweli."

"Wale watu wa mbali siwajui. Bila shaka wana wake na watoto. Mimi namjua huyu," alimwonyesha mkewe kwa bisibisi, "aliyenishika mkanda miezi minane. Mwanangu Egno ameanza kazi pale tanurini mwezi uliopita. Ningekuwa wewe nisingeandika. Lakini mimi siyo wewe."

"Kaka Otmari..."

"Andika. Kesho tukikutana njiani, tafadhali usinisalimie."

Mama Egno alimsindikiza hadi getini, kwa kuwa ndivyo inavyopasa mgeni.

Aliandika usiku ule ule, kurasa mbili. Alieleza kwamba Mpambanuzi alikuwa amepatia kwake, kwamba alidanganya, kwamba sumu ya Ligogo ilikuwa kweli tupu na vipimo vya damu vilithibitisha, hivyo uamuzi juu yao usiguswe, na kwamba picha yake iondolewe masomoni kabla ya kuwadhuru wengine. Aliomba ashtakiwe kama ilivyo sheria. Alto aliambatanisha orodha ya watu wale.

Jibu lilichukua siku tisa. Lilikuwa fupi, na lilitiwa saini na Bi. Mwanamtama Shomari.

*Baraza limepokea barua yako. Ikiwa wewe ni mzima, kama ulivyoapa, huna kiapo cha kufuta. Ikiwa wewe ni mgonjwa wa ubongo, kama unavyodai sasa, maoni yako hayahesabiki kuanzia mwaka wa picha, na barua hii ni sehemu ya maoni hayo. Kwa vyovyote vile ombi halina mashiko. Orodha iliyoambatanishwa imepelekwa kwa Mpambanuzi kwa uhakiki, naye amethibitisha kwamba waliotajwa ni wazima.*

Aliisoma akiwa amesimama kwenye korido, akaisoma tena. Wachomeleaji walikuwa salama. Hakuna aliyewagusa wala ambaye angewagusa. Alingoja ile furaha ije, haikuja. Jioni ile alimwona Otmari akivuka barabara kuelekea upande wake, akapunguza mwendo. Otmari naye alimwona. Alikuwa amekwisha kuzisikia habari za jibu, mji wenyewe mdogo. Akageuka kwa shida, kwa hatua nyingi ndogo ndogo, akarudi upande aliotoka.

Skolastika alikuja kesho yake kusikia majibu. Alivaa sweta aliyoifuma mwenyewe, na kwenye bega la kulia palikuwa na mishono iliyoruka.

"Enhe, daktari. Mimi ni mzima au mgonjwa?"

"Mgonjwa, mama."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Na mashine?"

"Mashine inasema mzima. Imekosea. Mimi ndiye niliyeikosesha, na nimejaribu kuirekebisha, wamekataa." Akamweleza kwa maneno machache, bila kujitetea, na kwamba dawa ya kuchelewesha hangeipata, lakini kuna vidonge vya zamani, kuna mazoezi ya mikono na ya mwendo, na kwamba angemwona kila wiki, hata nyumbani, maadamu yeye daktari bado anaweza kutembea.

Skolastika alisikiliza hadi mwisho. Kisha akautazama mkono wa kushoto wa daktari, uliokuwa juu ya meza, unatetemeka waziwazi kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa akiuficha.

"Samahani, mama yangu," alisema kwa heshima. "Wewe mwenyewe mgonjwa, mimi nitakuaminije? Mimi nina leseni ya kuchukua." Alisimama, akajifunga kitenge vizuri juu ya sweta. "Karatasi ya uzima naichukulia dirisha gani?"

Tusekile alisimama pia. Alimfungulia mlango, akamwonyesha dirisha la tatu, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, akamletea kiti.